Kikopo Chenye Rababendi

Mama mdogo wangu ana mkono wa kulia uliopinda. Ukimwuliza umepindaje, anakwambia alianguka bafuni, halafu anacheka peke yake. Anacheka kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini amesikia maneno hayo kutoka kwa wanawake walioanguka bafuni na nyumbani kwao hakuna bafu.

Mkono ule ulivunjwa na mtu aliyekuwa anamletea chai kila asubuhi. Ulivunjwa kazini, saa nne asubuhi, kweupe, na wajawazito thelathini na kitu walikuwa wanasikia. Nilimwomba ruhusa ya kuandika, akasema, "Andika, ila usinifanye malaika." Basi nianze na hilo: si malaika. Ana mdomo, ana hasira, na hajui kuomba samahani. Kazini wanamwita Komando.

Ni mkunga. Anapima wajawazito kwenye zahanati yenye vyumba vinne na mabenchi matano ambayo hayatoshi. Safari ya mjamzito pale ni ile ile kila mara. Unafika, unapewa kadi na kikopo. Unaingia chooni na kikopo chako. Ukitoka unakiweka kwenye dirisha la maabara, unatobolewa kidole, unakaa. Majibu yanaandikwa kwenye kadi: wingi wa damu, sukari, protini kwenye mkojo, pamoja na yale magonjwa ambayo watu huyauliza kwa kunong'ona. Ndipo unaingia chumba namba tatu kwa Komando. Anakufunga mkanda wa presha, anapima tumbo kwa utepe, anainama na kipembe chake cha bati kumsikiliza mtoto. Anakugombeza kwa kutokula vizuri, kisha anakupa tarehe ya kurudi.

Sasa nieleze rababendi, ule mpira mwembamba wa kufungia vitu, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Komando alishaolewa. Mume alikuwa fundi wa mafriji, kijana wa kupendeza, anayenukia vizuri. Alimpiga kwa waya. Alimpiga kwa mlango pia, na kama hujui mtu anapigwaje kwa mlango, ni hivi: unamsimamisha kwenye fremu, unafunga. Alipokuwa na mimba ya miezi minane alimpiga teke moja la tumbo saa ya chakula cha mchana, kisa chumvi. Kesho yake akampeleka kliniki mwenyewe, amemshikia na mkoba. Nesi akatazama lile tumbo, akatazama uso, akauliza, "Mama, nyumbani kuna shida?" Mume amekaa hapo hapo, magoti yao yanagusana. Mama mdogo hakuwahi hata kufungua mdomo. Mume alijibu, "Ameteleza bafuni."

Mtoto alizaliwa wiki hiyo, hakulia.

Aliondoka kwenye ile ndoa na mfuko mmoja na meno mawili pungufu, akarudi darasani, akasomea ukunga. Siku alipopewa kusimamia kliniki ya wajawazito, kitu cha kwanza alichokataza ni lile swali. Marufuku kumwuliza mwanamke habari za kupigwa wakati mwanaume wake yupo chumbani. Na wanaume huwa wapo. Wanasindikiza, wanashika mikoba, wanajibu. Wanaingia vyumba vyote isipokuwa kimoja. Chooni hawaingii.

Basi akabandika karatasi nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, chini, usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa. Ilisema: *Ukiwa unapigwa nyumbani, kivishe kikopo chako rababendi. Usiseme neno. Tutakuita.* Pembeni, kwenye msumari, akaning'iniza kopo lenye rababendi. Kuzipata hakukuwa tatizo. Kadi mpya zinakuja zimefungwa mia mia, na kila furushi lina rababendi mbili.

Kikopo kikifika dirishani kimevaa rababendi, mtu wa maabara hasemi chochote. Anaivua, anapima mkojo kama kawaida, halafu anakunja pembe ya kadi. Komando akiona kadi yenye pembe iliyokunjwa, anamgeukia mume na kumwambia, "Baba, kuna daftari la wababa pale getini, nenda kaandikishe jina." Hapo getini kuna mlinzi, mzee mmoja mwembamba ambaye hana haraka na dunia. Anauliza jina lako, la baba yako, la babu yako, ulizaliwa wapi, bibi yako mzaa baba alizaliwa wapi. Ukikosea anachukua rula, anapiga mstari, mnaanza upya. Dakika ishirini zinaisha. Ndani ya dakika hizo mwanamke anakuwa ameshasema, au ameshalia, au ameshapitishwa mlango wa nyuma.

Hakuna daftari la wababa. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa zake anafungia kitafunio.

Mtu wa maabara alikuwa jamaa mmoja wanamwita Dirisha. Alipewa jina hilo kwa sababu wagonjwa hawakuwa wanamwona zaidi ya uso na mikono kwenye kile kidirisha chake. Mikono yenyewe ilikuwa na vidole vya zambarau, kwa ile rangi ya kupakia vioo vya kupimia malaria. Haitoki hata ukisugua na jiwe. Kila mtu alimpenda. Alikuwa anatoboa vidole bila kuumiza. Anakwambia, "Dada, hebu nisomee leo tarehe ngapi kwenye ile kalenda," ukisoma, tayari ameshatoboa. Alifanya kazi na Komando miaka miwili, na kwa miaka hiyo hakukosea kadi hata moja. Kila rababendi iliyofika dirishani, pembe ilikunjwa. Wakati mwingine alitoka na kadi mkononi kabisa, akanong'ona, "Sista, huyu leo usimwachie arudi. Nimemwona shingo." Wakimaliza kumtorosha mtu, anakaa anatikisa kichwa. "Hivi hawa ni wanaume au ni nini?"

Komando, ambaye hasifii mtu, alikuwa anamsifia. Alimwambia mbele ya wote, "Wanaume wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekosa kazi."

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, Jumanne.

Dirisha hakutakiwa kuwepo. Alikuwa amepangiwa mafunzo ya siku tatu, na nafasi yake angeshika binti mmoja wa kuazimwa kutoka zahanati nyingine. Mke wake alilijua hilo. Mke alikuwa mjamzito wa miezi saba, na kliniki yake ilikuwa pale pale. Ila mahudhurio yake yote alikuwa anakuja na mumewe, kikopo kimeshajazwa nyumbani, mume amekibeba mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Watu waliona ni mapenzi. Komando mwenyewe aliwahi kumwambia, "Wewe umepata. Wa kwangu hakuwahi kunibebea hata glasi ya maji."

Siku hiyo alikuja peke yake. Joto lilikuwa kali, yeye amevaa mikono mirefu na mtandio umezungushwa shingoni mpaka kidevuni. Usiku uliopita mume alikuwa amemkalia tumboni kwa goti, mkono mmoja uko kooni, na tangu hapo mtoto alikuwa hachezi vizuri. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Alikuwa anaona vimulimuli pembeni ya macho. Kilichomtoa nyumbani hata hivyo ni wazo moja: leo dirishani yupo mtu mwingine.

Alichukua kikopo, akaingia chooni, akachuchumaa, akaisoma ile karatasi japo hakuhitaji kuisoma. Nitasema baadaye kwa nini. Akachukua rababendi moja kwenye kopo, akakivisha kikopo. Akatoka. Akakiweka dirishani na kadi yake, akangoja kuona mkono wa yule binti.

Ukatoka mkono wenye vidole vya zambarau.

Mafunzo yalikuwa yameahirishwa. Hakupigiwa simu mapema, alifika huko akakuta pamefungwa, akarudi kazini kwake kama mtu yeyote. Mke alitaka kukipokonya kile kikopo lakini vile vidole vilikuwa vimeshakishika, na vilikuwa vimeshaigusa rababendi. Vilikaa juu yake kidogo. Kisha kikopo kikaingia ndani na kidirisha kikafungwa.

Foleni ikaanza kunung'unika. Mama mmoja wa saluni, mwenye mimba ya mapacha na mdomo wa watu sita, akasema, "Leo Dirisha anapima mkojo au anaupika?"

Kidirisha kikafunguka. Dirisha akamrudishia mkewe kadi, anatabasamu kabisa. "Safi," akasema. "Kila kitu safi. Ingia kwa Sista, ukimaliza unisubiri kwenye benchi. Leo nitatoka mapema, twende nyumbani pamoja."

Pembe za kadi zote nne zilikuwa zimenyooka.

Mke aliingia chumba namba tatu akakaa. Komando alikuwa na haraka, ana wanawake ishirini nyuma yake. Akatazama kadi: protini hakuna, sukari hakuna. Akamfunga mkanda, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. Mia na sabini kwa mia na kumi na tano.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi? Unaona nyota?"

Mke akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa umejaa kama mkate uliolowa. Komando akamminya mguu kwa dole gumba, shimo likabaki. Akatazama tena ile kadi. Alishawahi kuona presha kubwa na mkojo safi, hutokea. Lakini uso ule, nyota zile na mkojo safi kiasi hicho, vilikataa kukaa pamoja. Hakumfikiria Dirisha kwa ubaya. Alidhani amechanganya vikopo, foleni ikiwa ndefu hutokea.

Akampa kikopo kipya. "Nenda choo cha wafanyakazi... hapana, kina foleni. Nenda cha wanawake. Halafu usikipeleke dirishani. Niletee mimi hapa."

Mke alirudi ameshika kikopo kwa mikono miwili. Kimevaa rababendi.

Komando aliitazama, akaenda kusukuma mlango ufunge vizuri. Akarudi akaongea kwa sauti ya chini. "Nani?"

"Hii ni ya pili, Sista. Ya kwanza ameichukua."

"Nani ameichukua?"

"Mume wangu."

"Dirisha?"

Mwanamke akainua kidole, akaonyesha ukuta. Ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba, na upande wa pili ndio maabara. Dirisha alikuwa huko anapiga mluzi.

Komando alichukua kijiti cha kupimia, akakichovya kwenye mkojo. Kile kimraba cha protini kinatakiwa kibaki njano. Kiligeuka kijani kabla hajamaliza kuhesabu, kikaendelea kukolea mpaka kikawa rangi ya chupa.

Hapo kuna mambo mawili yanaua, na yote yapo kwenye chumba kimoja. La kwanza ni kifafa cha mimba. Presha ile na protini ile, mwanamke anaweza kuanza kukakamaa na kutetemeka dakika yoyote, akafa yeye na mtoto. Inatakiwa sindano ya kuzuia, mara moja, halafu gari, halafu hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji. La pili lilikuwa linapiga mluzi.

Komando akapiga simu ya gari la wagonjwa. "Dakika ishirini," wakasema. Akaweka komeo. Akasukuma kabati la kadi mlangoni. Akaanza kuvunja shingo za vichupa vya dawa na kuvuta kwenye bomba. Sindano ile si mchezo. Ni dawa nyingi na nzito, inagawanywa mara mbili, kila tako na lake, na huruhusiwi kuisukuma haraka.

Mluzi ukanyamaza.

"Sista." Sauti ilikuwa mlangoni.

"Unasemaje?"

"Mke wangu huyo. Bado tu?"

"Bado."

"Si niliandika majibu? Mkojo safi."

"Nampima tumbo. Rudi dirishani, watu wamejaa."

"Nifungulie nimsalimie mtoto."

"Dirisha, nimesema rudi kazini."

Dirisha akauliza taratibu, ile sauti yake ya kutobolea watu vidole: "Amekwambia nini?"

Komando akamwambia mwanamke, "Lala ubavu. Itauma, usiruke." Akachoma.

Teke la kwanza lilipiga chini ya mlango. La pili likapiga kwenye komeo. Yeye anasukuma dawa polepole, anahesabu moyoni, mlango unapigwa, anasukuma. Mwanamke ameuma mtandio. "Geuka," Komando akasema, akachoma upande wa pili. Nje Dirisha sasa alikuwa anapiga kwa kitu cha chuma na anamtukana mkewe kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, na mimi si mtu wa aibu. Bawaba ya juu ikang'oka. Dawa ilikuwa imebaki kidogo kwenye bomba. Hakuchomoa. Alisukuma mpaka ikaisha, ndipo mlango ukaanguka juu ya kabati na kabati likaanguka juu ya meza.

Dirisha aliingia na stuli ya maabara, ya chuma, miguu minne. Hakuwa na uso wa mtu mwenye hasira. Mama mdogo anasema alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Akaiinua ile stuli juu ya mwanamke aliyelala, usawa wa tumbo.

Komando akaweka mkono.

Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Stuli ikateleza ikapiga ukuta. Dirisha akamshika mkewe mtandio akauvuta, mtandio ukatoka, na shingo ikaonekana yote: alama nne upande huu, moja upande ule, zimevimba. Akamburuta kwa nywele akiwa bado kitandani nusu, nusu chini. Komando akashika kwa mkono wa kushoto kilichokuwa karibu, ile mashine ya presha ya zamani yenye boksi la chuma, akamtwanga nayo mdomoni. Meno yakatoka. Ananiambia hili bila kushusha sauti: "Nilifurahi. Niliona jino linaanguka nikafurahi."

Furaha haikukaa. Dirisha alimpiga kichwa cha uso, Komando akaanguka, na akiwa chini Dirisha akaanza kumpiga mateke ya mbavu. Hakuyapiga ovyo. Alikuwa anachagua mahali, anapiga, anachagua tena.

Sasa wale wanawake wa kwenye benchi. Walikuwa wamesikia yote. Wengine walikuwa wameshakimbilia nje, na sitawalaumu, una mimba unakimbia. Lakini mama wa saluni alikuwa amesimama mlangoni na miezi yake minane ya mapacha. Akamwona Komando chini. Akaingia, akashika pindo la lile koti jeupe kwa nyuma, akalivuta juu mpaka likamfunika Dirisha kichwa, mikono ikanasa humo humo. Ukishafanya kazi saluni miaka kumi unajua kumshika mtu kichwa asitoke.

"Haya," akasema, "njooni."

Wakaja. Walikuja na viatu, na chupa za chai, na mwavuli mmoja wa chuma ambao mwenye nao alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanawake waliokuja kupimwa damu walimwaga ya kwake. Walimpiga mgongo, walimpiga masikio juu ya koti, mmoja alimpiga magoti tu, kimya, kwa kisigino cha kiatu, na mama wa saluni alisema baadaye, "Yule alikuwa hampigi Dirisha. Alikuwa anampiga mtu mwingine." Alipoanguka kifudifudi, mama wa saluni akamkalia mgongoni.

"Tulia, kaka. Nina mapacha. Hapa umekaliwa na watu watatu."

Mlinzi wa getini alifika anahema, ameshika daftari lake. Akatazama chumba, akatazama aliyelala chini, akauliza, "Huyu nimwandike?"

"Mwandike," mama wa saluni akasema. "Anza na bibi yake."

Hakuna aliyecheka kwa sababu wakati huo huo mke wa Dirisha macho yalipinduka. Taya likakaza, mkono mmoja ukaanza kuruka ruka. Komando alitambaa. Mkono mmoja umevunjika, mbavu mbili zimepasuka, damu inamwingia jichoni, akatambaa mpaka kwake, akamgeuza ubavu kwa goti, akamvuta taya mbele ulimi usizibe koo. Akawaambia wengine, "Msimbane. Msimtie kitu mdomoni. Mshikeni asidondoke tu." Mtetemo ukaja, ukakaa, ukalegea. Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi. Bila ile sindano, mama mdogo anasema, usingelegea.

Kutoka chini ya mama wa saluni, kutoka ndani ya koti, sauti ikauliza, "Ana nini? Sista, mke wangu ana nini?"

"Kifafa cha mimba."

"Haiwezekani. Mkojo ulikuwa safi."

"Uliupima? Nakuuliza, Dirisha. Uliupima?"

Polisi walipofungua maabara walikikuta kikopo kwenye sinki, kimelala ubavu, kikavu. Vijiti vya kupimia vilikuwa kwenye kasha lao. Aliona rababendi, akamwaga, akaandika "hakuna" mara mbili, akatabasamu.

Gari lilifika. Mwanamke alipasuliwa saa saba mchana, mtoto wa kike, kilo moja na robo, rangi ya bluu, akalia baada ya kupigwa pigwa nyayo. Waliishi wote wawili. Dirisha alifungwa, na siku ya hukumu kuna wafanyakazi wenzake walilia, eti alikuwa mpole, hata chai ya Komando alikuwa anamletea kila asubuhi. Alikuwa mpole dirishani. Kwingine kote, muulize aliyekuwa anafungua mlango wa nyumba akirudi.

Mama mdogo alimwuliza. Wote wawili walilazwa hospitali ile ile, mmoja na mshono, mwingine na plasta mpaka begani. Akamwendea kitandani na kumwuliza swali moja: ulijuaje habari za rababendi, na ulikuwa hujawahi kutumia choo chetu?

"Alikuwa ananisimulia," mke akasema.

"Anakusimulia nini?"

"Kila siku rababendi ikifika, akirudi nyumbani ananisimulia. Leo kuna mwanamke kavunjwa taya. Leo kuna mmoja kachomwa. Anasikitika kabisa, Sista. Anasema wale si watu, ni wanyama. Anasema wewe umemsifia. Halafu anauliza na mimi nina la kusema? Nikisema sina, ananipiga kwa sababu namdanganya. Nikinyamaza, ananipiga kwa sababu nanyamaza." Akamgeukia. "Nilikuwa nikisikia umemsifia, naanza kutoa vyombo vya kioo mezani."

Komando alitembea mpaka kwenye sinki ya wodi, akatapika.

Alirudi kazini baada ya miezi minne. Daktari wa mifupa alimwambia mkono haujaunga vizuri, inabidi uvunjwe upya unyooshwe. Akamwambia, "Umeshavunjwa kutosha." Sasa anapuliza presha kwa kushoto. Mikojo anaichovya mwenyewe, yote, hamwachii mtu. Foleni imekuwa ndefu zaidi na wanawake wanalalamika, na yeye anawaambia wanaolalamika waende wakazae barabarani. Nilishasema si malaika.

Habari ilienea mji mzima, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Wanaume nao walisikia. Wakaanza kusimama nje ya choo, mke akitoka wananyoosha mkono, "Hebu nione." Rababendi ikafa. Karatasi ikabanduliwa, kopo likatolewa.

Kuna alama nyingine siku hizi. Siandiki ni ipi, na usinitumie ujumbe kuuliza, hasa wewe mwanaume unayesema unauliza tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumpelekea dawa zake za maumivu, nikakaa pale mlangoni. Akaja bwana mmoja na mkewe, shati limepigwa pasi, ameshika mkoba wa mke. Mke alipotoka chooni, bwana akachukua kikopo, akakigeuza, akakitazama kwa chini, akapitisha kidole kuzunguka mdomo wake kutafuta rababendi. Hakuna. Akaridhika. Akakileta mwenyewe mpaka chumba namba tatu, akakiweka mezani kwa adabu zote.

Mama mdogo alikitazama kile kikopo. Mimi nilikitazama pia, sikuona kitu. Yeye alivuta kadi, akaandika, akainua kichwa.

"Baba," akasema, "jina lako naona halipo kwenye daftari. Hebu nenda getini mara moja."

Bwana akatoka. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na kule getini nilimsikia mzee anafunua kurasa polepole, anagonga rula mezani.

"Karibu, mwanangu. Tuanze. Bibi yako mzaa baba alizaliwa wapi?"